Mashati ya Marehemu

Kituo cha mabasi kilikuwa kimefurika asubuhi ile. Wapakiaji walikuwa wakirushiana mizigo juu ya mabasi, wauza maji wakipita chini ya madirisha wakigonga chupa zao, na moshi wa dizeli ulikuwa umetanda kiasi kwamba mtu akitoka hapo hata leso yake ilinuka safari. Katikati ya purukushani hiyo mwanamke mmoja alikuwa akimkabidhi kondakta furushi la mapazia na kumsisitizia lisiwekwe chini ya magunia.

"Dada, nimekuelewa tangu mwanzo," kondakta alisema. "Nitalilaza kama mtoto."

"Mtoto humwachi alaliwe na viazi."

Kondakta alicheka, akalipandisha furushi juu kabisa.

Mtaani kwake walimwita Bi Viraka, na jina hilo hakulikataa. Riziki yake ilikuwa kushona mapazia ya watu, ila nguo zake mwenyewe alizishona kwa vipande. Siku hiyo alivaa gauni refu lililounganishwa kutoka kwenye shuka kuukuu, bluu iliyofifia ikishikana na maua madogo ya njano, na begani alikuwa na mkoba wa kitambaa cha mistari. Gauni lilimkaa vizuri. Wanawake waliokuwa kwenye foleni ya tiketi walimtazama kwanza kwa mshangao, kisha wakaanza kuchunguza mishono.

Alikuwa ameshageuka aondoke vipaza sauti viliponguruma juu ya nguzo.

"Abiria wa basi la saa nne, mlango wa pili. Tunaomba muanze kupanda taratibu. Mwenye mtoto amtangulize mtoto."

Aligeuka tena. Sauti ile aliijua kuliko alivyojua yake mwenyewe. Ilikuwa nzito, isiyo na haraka, ikipanda kidogo mwishoni mwa kila sentensi kama ya mtu anayezuia kicheko. Ilikuwa sauti ya mumewe, na mumewe alizikwa mwaka juzi.

Alishika nguzo iliyokuwa karibu. Watu walimpita wakimgonga mabega. Vipaza sauti vikarudia tangazo, na safari hii alifuata waya. Ulitoka kwenye nguzo ukapita juu ya choo cha abiria, ukashuka nyuma ya vibanda vya mizigo, ukaingia kwenye chumba kidogo cha vioo vyenye vumbi. Alipofika mlangoni, mlango ukafunguka na mtu akatoka kwa haraka na kikombe cha plastiki mkononi. Chai yote ikaishia kwenye gauni la viraka.

"Pole sana, bibie. Nimekuunguza?"

Bi Viraka alifumba macho. Kwa muda mfupi tu, aliyesimama mbele yake alikuwa marehemu. Alipofumbua, alimwona mwanamume mnene kidogo, mwenye masikio makubwa na miwani iliyofungwa gundi kwenye pembe. Marehemu alikuwa mrefu na mwembamba. Watu hawa wawili hawakufanana hata ukucha.

"Bibie?"

"Sijaungua. Chai yenyewe ni vuguvugu."

"Basi nimekumwagia chai, na bado umeiponda chai yangu." Aliangalia huku na huko akitafuta kitu cha kumfutia, akaishia kuutazama mkoba wake. "Samahani kwa kuuliza. Mkoba wako una kola."

"Ulikuwa shati."

"Na vifungo bado vipo. Baridi ikizidi unauvaa?"

Kicheko kilimtoka bila ruhusa. Hakukumbuka kicheko cha mwisho kilitoka lini. Yule bwana naye akatabasamu, akasema wenzake wanamwita Kipaza kwa sababu ya kazi yake, na kwamba atamnunulia gauni jipya.

"Mimi sinunui nguo," alimjibu. "Vitu vingi tu sinunui."

"Sasa mtu akikukosea akulipe nini?"

"Aache kunywa chai kwenye vikombe vya kutupa. Na akipenda, Jumamosi aje ukumbi wa mtaa nyuma ya zahanati. Nafundisha watu kutengeneza vitu vya nyumbani kwa vitu walivyonavyo."

Alisema hivyo kwa ajili ya kumfanya aendelee kuzungumza. Hakuwa na nia nyingine.

Siku chache baadaye Bi Viraka alirudi kituoni bila furushi. Alikaa kwenye benchi chini ya kipaza sauti, akatoa sindano na pindo la pazia, akashona huku akisikiliza. Basi la kaskazini limechelewa. Mwenye funguo zilizookotwa chooni afike ofisini. Maneno yalikuwa ya kawaida kabisa, lakini yalimwingia kama maji ya moto mgongoni. Hakuwa na rekodi ya sauti ya mumewe. Simu iliyokuwa na jumbe zake ilianguka kwenye ndoo ya maji wiki ya msiba, na mafundi wote walitikisa vichwa.

Kipaza alimwona kupitia kioo, akatoka akiwa na kikombe cha bati.

"Nimenunua kikombe cha kudumu," alisema akikiinua. "Unasafiri leo?"

"Namsindikiza mtu."

"Yuko wapi?"

"Ameshapanda."

Kipaza alimwamini. Wakapeana namba za simu, na jioni ile ile akampigia. Tangu siku hiyo alikuwa akimpigia kila akitoka kazini, na Bi Viraka alipokea mlio wa kwanza ukiwa haujaisha.

"Leo umekula nini, fundi wangu?"

"Wewe zungumza. Mimi nasikiliza."

"Nizungumze nini? Siku nzima nimezungumza na watu wasionijibu."

"Chochote. Nisomee hata ratiba ya mabasi."

Alicheka, kisha kweli akamsomea ratiba ya mabasi, kwa madaha, akizirembesha saa na namba za milango kama mashairi ya mapenzi. Akimaliza alimwita laazizi. Bi Viraka alikuwa amelala kitandani, simu ameiweka juu ya mto, sikio juu ya simu. Mto ule aliushona kwa shati la marehemu la kazini. Mfuko wa kifuani ulikuwa bado upo, na kalamu yake ilikuwa imeacha doa la wino ambalo halikutoka kwa sabuni yoyote. Hapo kitandani, macho yakiwa yamefumbwa, mambo yote yalikuwa yamerudi mahali pake.

Jumamosi Kipaza alifika ukumbini amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka linaweza kusimama lenyewe. Kina mama walimkagua kuanzia viatu. Somo la siku hiyo lilikuwa vitambaa vya nta vya kufunikia mabakuli, ili mtu asinunue tena karatasi za plastiki. Unachukua kitambaa cha pamba, unakwangua nta ya nyuki juu yake, unakifunika kwa karatasi na kupitisha pasi mpaka nta iyeyuke na kuenea. Kikikauka kinashika bakuli vizuri, na kikichafuka unakiosha kwa maji baridi.

"Sikuja na kitambaa," Kipaza alisema.

"Utapata changu." Bi Viraka alitumbukiza mkono kwenye kikapu chake akatoa kipande bila kuangalia.

Alimwonyesha namna ya kukwangua nta, akaweka karatasi, akapitisha pasi. Joto lilipoingia kwenye kitambaa harufu ikapanda. Haikuwa ya nta peke yake. Chini yake ilikuwepo sabuni ya kunyolea, na jasho la mtu aliyekuwa akipanda ngazi haraka ili awahi chakula. Na wakati ule ule, nyuma ya shingo yake, sauti ikauliza kwa upole, "Imeyeyuka, mpenzi?"

Aliiacha pasi, akashikilia meza kwa mikono miwili.

"Unaumwa?" Kipaza alimsogezea kiti. "Kaa hapa. Nani ana maji?"

"Ni joto la pasi tu."

"Karatasi inaungua," mama mmoja akasema, na watu wote wakageukia moshi. Kitambaa cha Kipaza kilitoka na alama nyeusi ya pasi katikati. Alikipenda hivyo hivyo, akaondoka nacho kifuani kama nishani.

Mapenzi yakakua. Kipaza aliishi peke yake, na alikuwa na droo jikoni iliyojaa mifuko ndani ya mifuko. Alianza kubadilika kwa furaha ya mtoto aliyepewa mchezo. Alikusanya vipande vya sabuni vilivyobaki bafuni, akavikwangua, akaviyeyusha kwa maji kidogo na kuvimimina kwenye kopo la maziwa, kisha akampigia simu Bi Viraka kumwambia ametengeneza jiwe. Alikata fulana zake kuukuu kuwa mikoba isiyohitaji sindano, akaifunga chini kwa mafundo. Siku moja mkoba ulimfungukia sokoni na vitunguu vikambingirikia hadi kwenye duka la viatu.

"Nilikwambia mafundo mawili mawili," Bi Viraka alimwambia kwenye simu huku akicheka.

"Uliniambia. Lakini ulikuwa umevaa lile gauni la njano, nikawa sisikii."

Hapo moyo ulimsuta Bi Viraka kidogo. Siku hizi ilikuwa ikimtokea anacheka na Kipaza kabla hajakumbuka kufumba macho.

Mara ya kwanza Kipaza alipomtembelea nyumbani, alisimama sebuleni akageuka taratibu. Pazia la jikoni lilikuwa limeshonwa kwa kola tupu, zimepangwa safu kwa safu. Mkeka wa sakafuni ulikuwa wa vipande vya fulana vilivyosukwa na kuzungushwa. Aproni iliyotundikwa msumarini ilikuwa na mifuko ya suruali ya mwanamume. Hata kishikio cha sufuria kilikuwa kipande cha koti zito.

"Huyu mtu alikuwa na nguo nyingi," alisema.

"Ni za mitumba. Nanunua zilizochakaa."

"Si ulisema hununui?"

"Zamani."

Kipaza alijua kuwa ni mjane. Alikuwa ameambiwa kwamba mume alianguka ghafla kazini na hakufika hospitali. Hakuuliza zaidi, kwa kuwa alikuwa mtu wa adabu, lakini alipokaa kwenye kochi alijisogeza pembeni, mbali na mto mkubwa wa mistari, bila yeye mwenyewe kujua kwa nini. Baadaye alisema nyumba ile ina upepo wa ajabu, kwamba aliposhika kikombe alihisi kama kuna mtu amepita nyuma yake. Alikuwa pia ameanza kukohoa. Vumbi la kituoni, alisema, na akaomba tangawizi.

"Usiichoshe sauti," Bi Viraka alimwambia kwa hofu iliyomshangaza Kipaza. "Tafadhali. Uitunze."

"Nitaitunza, laazizi. Na mimi mwenyewe nijitunze pia, au sauti tu?"

Ulikuwa mzaha. Bi Viraka hakucheka.

Alasiri moja Kipaza alikuwa jikoni kwa Bi Viraka akichuja siki iliyolowekwa maganda ya machungwa, ambayo ukiichanganya na maji inasafisha meza na masinki kuliko dawa za dukani. Mlango ukagongwa. Alikuwa wifi, dada wa marehemu, mwanamke mkavu mwenye kilemba cheusi, amefika mjini kwa shughuli za matibabu ya mama yake na ameamua kupita bila taarifa. Walikumbatiana. Wifi akakaa kwenye mkeka, akavua viatu, akaanza kueleza habari za nyumbani.

"Mama hajambo kidogo. Miguu ndiyo inamsumbua. Anakuulizia kila siku, wifi. Umetutupa."

"Kazi, wifi yangu. Mapazia hayaishi."

"Bibie," sauti ikaita kutoka jikoni, "chujio dogo umeliweka wapi?"

Wifi aliinuka. Hakuinuka kama mtu anayesimama, aliinuka kama aliyevutwa. Mkono ulikuwa mdomoni.

"Nani huyo?"

"Wifi, kaa kwanza."

"Huyo ni kaka." Machozi yalikuwa yakimshuka bila kwikwi. "Mwambie aseme tena. Nakuomba, mwambie aseme tena."

Kipaza alitokea mlangoni na aproni kiunoni, mikono ikinuka machungwa. "Shikamoo," alisema, hajui nini kimetokea, na wifi akajifunika uso kwa neno hilo moja. Alipoufunua alimtazama mtu asiye kaka yake, kisha macho yakaanza kutembea chumbani. Yalisimama kwenye mto wa mistari. Yakaenda kwenye pazia la kola. Yakarudi kwenye aproni.

"Lile shati alivaa siku nilipohitimu," alisema polepole. "Na hilo koti alipewa na baba. Wifi, ulituambia nguo zote umezigawa. Mama aliomba hata leso moja. Leso tu ya kulalia. Ukasema hakuna kilichobaki."

Bi Viraka aliyafuata macho yale kitu kwa kitu. Mtaani walimsifu kwa kutotupa kitu. Kumbe hakuwa ametunza, alikuwa amejifungia mtoto wa watu peke yake, akamkalia, akamlalia, akamwekea sufuria.

Wifi alivaa viatu akaondoka bila kuaga. Kipaza alibaki amesimama pale pale.

"Siku ile ya pili kituoni," aliuliza, "ulikuwa unamsindikiza nani?"

"Hakuna mtu."

"Na zile ratiba za mabasi kwenye simu?"

Bi Viraka aliinamia mkeka.

"Mimi nilidhani napendwa, kumbe nasikilizwa." Hakupaza sauti, na hilo ndilo lilimuumiza zaidi Bi Viraka, kwa sababu hata marehemu alikuwa hapazi sauti akikasirika. "Humu ndani kopo linakuwa chungu cha maua, shati linakuwa mto. Ni jambo zuri, nimejifunza mengi. Ila mimi si kitu kilichobaki, bibie. Mimi ni mtu mzima, nilikuwepo kabla hujaja na benchi lako."

"Nisikilize."

"Nimekusikiliza miezi yote hii. Wewe ndiye hukuwa ukinisikiliza mimi."

Alivua aproni, akagundua ilikuwa suruali ya nani, akaikunja kwa heshima na kuilaza juu ya kiti. Kisha akatoka.

Simu ikanyamaza. Bi Viraka alishona mapazia mchana, na jioni alikaa sebuleni kati ya vitu vyake. Nyumba ilikuwa na njia zake za kusema. Ubao wa sakafu uliitika mahali ambapo hakuna aliyekanyaga. Mto wa mistari ulionekana umebonyea upande mmoja, kama mtu ametoka kuukalia sasa hivi. Alikuwa amezoea mambo hayo, na kusema kweli alikuwa akiyangoja. Jioni moja aliketi ili amkumbuke mumewe kwa makusudi, amsikie akimwita jina lile alilomwita wakiwa wawili tu. Alitulia, akangoja. Sauti ikaja, ikasema: abiria wa basi la saa nne, mlango wa pili.

Alijaribu tena. Mwenye mtoto amtangulize mtoto.

Alikuwa ametumia sauti ya mtu aliye hai kumrudisha marehemu, akaitumia mpaka ya marehemu ikafutika chini yake. Na jambo lililomtisha zaidi ni kwamba aliposikia maneno yale ya mabasi, uso uliomjia ulikuwa na masikio makubwa na miwani ya gundi, na huo ndio aliokuwa ameukosa wiki nzima.

Kesho yake alikwenda kituoni. Vipaza sauti vililia juu ya nguzo, akainua kichwa. Ilikuwa sauti ya msichana, kali na ya haraka, ikimeza nusu ya maneno. Kwenye chumba cha vioo hapakuwa na Kipaza.

"Hujui?" mkata tiketi alimwambia kupitia dirisha. Alikuwa mzee mwenye huruma, na alishusha sauti. "Yuko hospitali ya juu kule. Koo lilikuwa linamsumbua, likaja kufunga kabisa siku moja akiwa katikati ya tangazo. Wameona uvimbe kwenye nyuzi za sauti. Kesho wanamkata."

Alimkuta kwenye kitanda cha dirishani, amevaa shati la hospitali lililombana tumboni, anatazama paa za nyumba. Alikuwa amekatazwa kuongea. Alipomwona hakushangaa wala hakutabasamu. Alichukua simu yake, akaandika, akamgeuzia kioo.

*Umekuja kuiaga?*

Bi Viraka alikaa ukingoni mwa kitanda. Alikuwa na maneno aliyoyapanga njiani kote, yote yakamponyoka.

"Nilikuja kwako kwa ajili ya sauti," alisema. "Huo ndio ukweli, na sitauremba. Nilikuwa nafumba macho ukizungumza. Lakini jana nilimtafuta mume wangu kichwani nikakukuta wewe. Nimeogopa sana. Nimeona kama nimemzika mara ya pili, na safari hii nimechimba mwenyewe."

Kipaza alimsikiliza akiwa ameinamia vidole vyake. Akaandika kwa muda mrefu, akafuta, akaandika tena.

*Daktari anasema huenda isirudi ilivyokuwa. Ukitaka kuondoka, ondoka leo, kabla sijakuzoea tena.*

"Wamesema saa ya kuona wagonjwa inaisha lini?"

Alionyesha kwa vidole.

"Basi sogea," alisema, akavua viatu.

Upasuaji ulikwenda salama, na amri ya daktari ikawa kimya kitupu kwa majuma kadhaa. Hata kunong'ona hapana. Bi Viraka alikuwa akienda kwa Kipaza kila akimaliza mapazia yake, na huko, bila sauti, akaanza kumjua. Aligundua kwamba akicheka hucheka kwa mabega. Akikasirika huandika kwa herufi kubwa halafu anaona aibu, anafuta. Anapofikiri hugusa sikio lake la kushoto. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo alichowahi kukiona kwa mtu mwingine, na alishangaa kwamba vyote vilikuwepo tangu siku ya chai na hakuviona.

Ili mikono isikae bure, Kipaza alibuni kazi yake mwenyewe. Mkata tiketi alimletea miavuli mibovu iliyosahauliwa kwenye mabasi, rundo zima lililokuwa likisubiri kutupwa. Alifumua vitambaa kutoka kwenye vyuma, akaviosha, akavishona kuwa mikoba ya sokoni isiyopitisha maji. Mishono yake ilikwenda upogo kama mtu aliyelewa.

"Huu wa kijani unaelekea wapi?" Bi Viraka alimuuliza akiunyanyua.

*Kaskazini,* aliandika. *Mlango wa pili.*

Alicheka mpaka akajifuta macho. Kisha alikaa na kile kitambaa mapajani, akikipapasa. Kilikuwa cha mtu asiyejulikana, aliyeteremka kwenye basi bila kugeuka nyuma. Hakikunuka chochote. Hakikumkumbuka yeyote. Alikuwa amesahau kwamba kuna vitu vya namna hiyo.

Jumapili iliyofuata alishusha pazia la jikoni. Alichukua wembe, akafumua mishono mmoja mmoja, kisha mto wa mistari, kisha ule wa kitandani wenye doa la wino, na alipokuwa akifumua alilia na kuendelea kufumua. Aliviunganisha upya kuwa shuka la kujifunika, kubwa, lenye bitana nyepesi. Akapanda basi hadi kwa mama mkwe.

Mama mkwe alilipokea mapajani bila kuelewa. Alipoona mfuko na doa la wino akauingiza mkono mle ndani, akauacha humo.

"Nisamehe, mama," Bi Viraka alisema. "Nilikudanganya."

"Ulikuwa na njaa naye," mama mkwe alisema. "Na mimi nilikuwa na njaa naye. Ungenikatia kipande tungekula wote."

Alilipandisha shuka hadi kidevuni ingawa ilikuwa mchana na jua lilikuwa kali. Wifi, ambaye Bi Viraka alikuwa amemweleza habari za upasuaji, alimsindikiza hadi barabarani, akiwa bado na kinyongo chake. Basi lilipotokea ndipo aliposema, akiangalia pembeni, "Na yule shemeji wa koo, anaendeleaje?"

"Daktari atamruhusu kuongea wiki hii."

"Mwambie pole." Akamkaza mkono kidogo kuliko ilivyo kawaida.

Nyumbani kwake Bi Viraka alikuta jikoni kumejaa mwanga hata ukamwumiza macho. Aliingia kwa tahadhari, akangoja ubao wa sakafu uitike. Haukuitika. Alikaa hapo muda mrefu akisikitika kwamba haukuitika.

Siku ambayo Kipaza aliruhusiwa kuongea, hakumwambia. Bi Viraka alifika na kuingia kama kawaida, akaanza kuinamia rundo la miavuli akitafuta mweusi usiotoboka. Kipaza alikuwa kwenye jiko akimpa mgongo.

"Chai imechemka," alisema.

Ilikuwa sauti nyembamba na yenye mikwaruzo, kama msumeno unaopita kwenye ubao mbichi, ikikatika katikati na kushika tena. Haikupanda mwishoni. Haikuwa na kicheko kilichozuiwa. Haikuwa ya mtu yeyote aliyewahi kumjua.

Mwavuli ulimponyoka. Alitoka nje hadi kibarazani, akashika ukuta, na pale mbele ya kamba za nguo za majirani akalia kilio ambacho hakukilia msibani, alipokuwa akihesabu viti vya wageni. Kipaza hakumfuata mara moja. Alimwachia nafasi. Alipotoka alisimama pembeni yake, akitazama nguo za watu zikipepea.

"Imeondoka?" aliuliza.

"Imeondoka."

"Yote?"

"Yote. Haipo tena popote."

"Na wewe?"

Alijifuta uso kwa pindo la gauni. Macho yalikuwa mekundu, lakini yalikuwa wazi, yanamtazama.

"Mimi nipo."

Kipaza alimeza mate kwa taabu. Koo lilikuwa bado linamuuma. "Kazi ya kutangaza wameshampa yule msichana," alisema. "Mimi wamenihamishia kwenye mizigo iliyopotea. Nitakuwa na miavuli mingi." Akagusa sikio lake la kushoto. "Nilikuwa nimepanga kukuomba jambo zamani, wakati nina sauti nzuri. Nilifanya mazoezi kabisa. Sasa itabidi nikuombe na hii."

"Omba na hiyo."

"Nataka tuoane. Si lazima ujibu leo. Najua leo umetoka kuzika."

Chini barabarani muuza ndizi alipita akiita, mtoto akamjibu kutoka dirishani. Bi Viraka alisogea karibu, bega likagusa bega.

"Rudia," alisema.

"Hukusikia?"

"Nimesikia, na nimekubali. Rudia tu. Nataka niizoee."